Tableti ya studio imechoka: maswali yenu wiki hii

Safari iliyopita niligusia kwamba bado narekodi kwa iPad Air 2, ile ya mwaka 2014, yenye ufa kwenye kona tangu iliponiponyoka juu ya bodaboda pale Sanawari. Sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika kutoka Arusha na Moshi, na karibu yote yana wasiwasi uleule: ninunue nyingine au bado? Nimechagua saba, mengine yanafanana na haya.

Natengeneza biti hapa Ngarenaro, nina Air 2 kama yako. Nikifika traki ya 12 au 13, yaani safu ya 12 au 13 ya sauti kwenye wimbo, sauti inaanza kukwaruza, mara inaganda, mara GarageBand, programu ninayorekodia, inajifunga yenyewe. Jamaa wa studio wanasema hiyo ni ya kupeleka makumbusho. Nibadilishe?

Kabla ya kubadilisha, niambie hizo traki 12 zimebeba nini. Kama ni vinanda vya ndani ya programu, yaani besi, pedi, filimbi na ngoma za kielektroniki, basi kila kimoja kinapigwa upya kila unapobonyeza kitufe cha kucheza. Kazi hiyo inafanywa na prosesa ya miaka kumi na ushee ikisaidiwa na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2. Lazima ikohoe. Sauti iliyokwisha kurekodiwa haina shida hiyo, kwa sababu kifaa kinaisoma tu kutoka kwenye faili.

Kwa hiyo besi ikishakaa sawa, igeuze iwe sauti. GarageBand ina namna ya kuunganisha traki kadhaa ziwe moja. Nakili mradi mzima kwanza, nakala moja ibaki haijaguswa, ndipo uunganishe ngoma zote kwenye nakala ya pili. Ukishaunganisha huwezi tena kuipunguza ngoma moja, tuseme snea, peke yake, na ndiyo maana ya kuweka nakala. Mimi nina mradi wenye sauti za watu 9 na vyombo 6 ambao kwenye kioo unaonekana una traki 5 tu. Haujawahi kukwaruza.

Halafu angalia nafasi. Sauti ya mono ya biti 24 (biti za kompyuta, siyo za mdundo) kwa sampuli 48,000 kwa sekunde inakula karibu MB 8.6 kila dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 ni kama MB 690, hapo hujahesabu zile mara tano msanii alizorudia kiitikio. Air 2 nyingine zilitoka na GB 16 tu. Ukiwa na video za harusi ya binamu yako humo ndani, tatizo lako ni harusi.

Ukimaliza hayo, weka hali ya ndege wakati wa kurekodi na funga programu nyingine zote. Kisha chukua daftari, lile la shule la kawaida. Kwa wiki mbili andika kila mara kifaa kinapokusimamisha: siku, ulikuwa unafanya nini, umepoteza muda gani. Langu lina mistari kama huu: "Jumanne, imeganda, dakika 4, msanii katoka kununua mishkaki, karudi na mood nyingine." Nikipata mstari mmoja kwa wiki mbili, naendelea nayo. Siku nitakapopata mitatu ndani ya kikao kimoja na mteja aliyelipa, nitaiuza bila kuaga.

Hao jamaa wa makumbusho waache. Abiria anayesikia biti yako kwenye daladala ya Kwa Mrombo hajui umeitengenezea wapi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Machame. iPad yetu ni ya kizazi cha 6. Programu moja ya kinanda imegoma kujisasisha, inadai mfumo mpya zaidi, na nikienda kwenye setingi naambiwa mfumo wangu ndio wa mwisho. Je, ndiyo imekufa?

Shikamoo mwalimu. Haijafa, imestaafu tu kupokea mifumo mipya. Kila iPad ina kituo chake cha mwisho: Air 2 ilishukia iPadOS 15, kizazi cha 5 iPadOS 16, chako cha 6 iPadOS 17, na kizazi cha 7 kikaishia 18. Baada ya hapo watengenezaji wa programu nao huanza kusogeza mstari mmoja mmoja. Logic Pro ya iPad, programu kubwa ya kurekodi ya Apple, ilipotoka Mei 2023 ilitaka chipu ya A12 kwenda juu, na yako ni A10. Kama kwaya inaihitaji hiyo hasa, jibu tayari unalo.

Ila toleo ulilonalo la hicho kinanda halitaacha kulia kwa sababu tu limetoka jipya. Usilifute. Watu wanafuta programu wakidhani watairudisha safi, halafu wanabaki kuitazama dukani. Ukiwa umelifuta tayari, ingia sehemu ya programu ulizowahi kununua kwa akaunti ileile, mara nyingi utapewa toleo la mwisho linalokubali mfumo wako. Mara nyingi, si mara zote.

Nisikufiche yaliyonikuta. Mwaka 2017, usiku wa kuamkia kurekodi kwaya, nilijisikia mwerevu nikasasisha mfumo kwenda iOS 11. Asubuhi vinanda viwili nilivyovitegemea vikagoma kufunguka kabisa. Toleo hilo lilikuwa limefunga mlango kwa programu zote za zamani za biti 32, na onyo nililipita nikitafuta kitufe cha "kubali". Kwaya ya watu 30 imesimama, wameshavaa na joho, mimi natafuta sauti ya ogani. Mwishowe mzee mmoja akaleta kinanda cha kanisa kwa toroli.

Kwa hiyo tableti ya muziki inayofanya kazi vizuri haisasishwi katikati ya mradi. Zima usasishaji wa kujiendesha. Kwa kuwa haitapata tena ulinzi mpya wa usalama kama vifaa vya sasa, usiifanyie mambo ya benki wala pesa za kwaya. Ibaki chombo cha muziki, kama marimba.

Niko Pasua, natumia tableti ya Android ya bei ndogo. Nikigusa piano, sauti inatoka baadaye kidogo, hadi nashindwa kufuata mdundo. Nikinunua yenye RAM kubwa itaisha?

Mdogo wangu, unasikilizia wapi? Kama ni hedifoni au spika ya bluetooth, hata tableti ya milioni ngapi haitakusaidia. Bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 150 ni sawa na mtu apige kinanda golini huku spika yake iko katikati ya uwanja. Hakuna mwanamuziki wa kufuata hapo. Chomeka hedifoni za waya leo kabla hujatumia shilingi.

Ikiwa tayari ni za waya, ingia kwenye setingi za sauti za programu yako utafute bufa, ile akiba ya sampuli za sauti ambayo kifaa hukusanya kabla ya kuitoa. Ikiwa imewekwa 1024, kwa sampuli 44,100 huo peke yake ni ucheleweshaji wa milisekunde 23. Ishushe hadi 256, unabaki na karibu 6. Ukisikia inakwaruza, panda hadi 512. Wakati wa kupiga na kurekodi ishushe, wakati wa kuchanganya iache juu, maana hapo huchezi chochote.

Android ina jambo lake jingine. Tangu toleo la 8 la mwaka 2017, Google waliweka njia fupi ya sauti iitwayo AAudio, ila mtengenezaji wa kifaa naye sharti atimize upande wake, na wa bei ndogo wengi hawajishughulishi. RAM hailitibu hilo. Kwa hiyo ukijaribu waya na bufa vyote vikashindwa, wewe ndiye wa kwanza leo ninayemwambia: badilisha. Ila kabla ya kulipa, weka FL Studio Mobile au kinanda chochote cha bure kwenye hiyo unayotaka kununua, chomeka hedifoni zako, piga. Muuzaji akikataa, duka lingine liko hatua tatu mbele.

Kioo cha tableti yangu kimeinuka upande mmoja, ukibonyeza kinarudi. Sauti iko vizuri tu. Fundi wa Kijenge anasema ni gundi.

Zima. Usiichaji tena, usikibonyeze tena hicho kioo. Dalili hiyo kwa kawaida ni betri iliyovimba, na betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto. Iweke mahali pasipo kitu cha kuungua, mtafute fundi anayejua kufungua na kubadilisha betri yenyewe, siyo wa gundi. Gharama ikikaribia nusu ya bei ya kifaa kingine kama hicho, usitengeneze.

Watu wa Moshi hili linawahusu zaidi, maana joto ni adui wa betri. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nyinyi mko chini yetu mita 500 hivi, na joto lenu la Februari mnalijua. iPad imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Kwenye dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani Double Road, hizo 35 zinapitwa mapema sana.

Mimi ni mwalimu wa msingi. Naweza kutengeneza nyimbo kwa kishikwambi nilichopewa kazini, vile vya sensa ya 2022?

Nyimbo za kufundishia darasani, muulize mkuu wako, sidhani atakataa. Albamu yako ya kibiashara, hapana. Ni mali ya umma, na siku ya kukikabidhi kitaondoka na nyimbo zako.

Nimepata iPad iliyotumika, muuzaji yuko mjini Arusha karibu na Mnara wa Saa. Niangalie nini ili nisipigwe?

Kubwa kuliko yote ni akaunti ya mwenyewe wa zamani. Mwambie muuzaji atoke kwenye akaunti yake na kufuta kila kitu mbele yako, kisha iwashe upya kuanzia ukurasa wa salamu. Ikikudai nywila ya mtu mwingine, rudisha mkononi mwake, asante, kwaheri. Hadithi ya "nitakutumia nywila jioni" inajulikana. Kama ni ya laini, bonyeza sehemu ya maelezo ya kifaa upate IMEI, tuma tarakimu zote 15 kwenda 15090, huduma ya TCRA ya kuhakiki vifaa. Ya Wi-Fi tupu haina IMEI, hapo risiti ndiyo mtetezi wako.

Kisha fikiria matundu. Hili wengi wanalikumbuka wakishafika nyumbani. iPad ya kawaida ya mwaka 2021, kizazi cha 9, ndiyo ya mwisho kuwa na tundu la hedifoni. Ya 2022 ikaja na USB-C bila tundu hilo. Kama una kadi ya sauti (kile kiboksi cha kuingizia maiki na gitaa) na maiki vya zamani vinavyopitia adapta ya Lightning, tundu la chaji la iPad za zamani, jumlisha bei ya adapta na nyaya mpya kwenye bei anayokutajia. Upande mwingine, USB-C inakuondolea ile adapta ya Lightning, ambayo lazima uwe na aina yenye tundu la chaji, la sivyo kadi ya sauti inamaliza betri ya tableti katikati ya ubeti.

Mimi ningechagua kizazi cha 9 chenye GB 256 kuliko kipya zaidi chenye nafasi ndogo. Wengine watanibishia, na wana hoja: RAM ni GB 3 tu. Lakini kwa anayerekodi gitaa, maiki mbili na kwaya, nafasi inaisha kabla ya RAM.

Gusa kioo chote kwa kidole, ukiburuta ikoni moja polepole kutoka kona hadi kona. Ikiachia njiani, hapo kioo hakisomi. Rekodi sekunde 30, sikiliza. Chomeka chaja, tikisa waya kidogo.

Nimeshanunua mpya, wiki iliyopita. Mwanangu wa miaka 10 hapa Usa River anaitaka ya zamani. Nimpe?

Mpe, ila si leo. Fungua kila mradi mmoja baada ya mwingine, toa kila traki peke yake kama faili la sauti la WAV linaloanzia sekunde ya sifuri, andika kasi ya wimbo kwenye jina la faili, kwa mfano "Neema_besi_92". Mradi wa programu unaweza kukataa kufunguka miaka mitano ijayo, WAV haitakataa. Weka kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine, kwa mama au kwa jirani unayemwamini.

Zifungue faili zote kwenye ile mpya uone zimekaa sawa. Ndipo toka kwenye akaunti yako, futa, na umwekee GarageBand kwa akaunti ya mtoto. Akianza na ngoma usimzuie, tafuta tu hedifoni za waya mapema.