Seva ya wote, ufunguo wa nani?

Wiki hii najibu maswali ya wasomaji wanaoendesha kwa kujitolea huduma za jumuiya za programu huria (programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa wote), kama vile seva za barua pepe, mitandao ya gumzo na hifadhi za msimbo.

Kikundi chetu hakijasajiliwa, na michango ya kulipia seva huingia kwenye namba ya simu ya mwenzetu mmoja. Hatumshuku kwa lolote. Je, kuna ubaya? (Msomaji, Morogoro)

Ubaya upo, hata kama mwenzenu huyo ni mwaminifu kuliko ninyi nyote, kwa sababu siku laini yake ikifungwa au Mungu akimwita, fedha zile zitahesabiwa kuwa zake na za warithi wake. Miradi mikubwa ilikwepa tatizo hili kwa kutafuta taasisi mlezi, yaani shirika lililosajiliwa linalopokea na kutunza fedha kwa niaba ya mradi usio na usajili wake wenyewe. Debian, mfumo endeshi unaotengenezwa na watu wa kujitolea, ni mfano mzuri: fedha zake nyingi hutunzwa Marekani na Software in the Public Interest, shirika lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo hukata asilimia 5 ya michango kwa gharama zake. Matumizi huidhinishwa na kiongozi wa mradi, ambaye huchaguliwa na wanachama kila mwaka, lakini malipo hufanywa na shirika, kwa hiyo anayeamua hashiki fedha na anayeshika fedha haamui.

Mlezi naye anaweza kufa. Mwezi Februari 2024, Open Collective Foundation ya Marekani, iliyokuwa ikilea mamia ya vikundi, ilitangaza kwamba ingevunjwa kabla ya mwaka kwisha, na vikundi hivyo vikalazimika kutafuta makao mapya. Kabla ya kutia saini, ulizeni fedha zitakwenda wapi mlezi akifunga milango.

Kwa kikundi chenu kidogo, akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili au watatu inatosha kwa kuanzia, pamoja na ukurasa mmoja ulio wazi kwa wote unaoonyesha kila mwezi kilichoingia, kilichotoka na picha ya risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwasisi wetu ndiye aliyesajili jina la kikoa, yaani anwani yetu ya intaneti, kwa jina lake na barua pepe yake. Kuna haja gani ya kulibadili wakati seva tunaziendesha sote? (Msomaji, Mombasa)

Swali lako ndilo zito kuliko yote niliyopokea, maana watu wengi hulinda fedha na kulisahau jina, ilhali mwenye jina ndiye anayeamua mgeni apelekwe kwenye seva ipi. Freenode ulikuwa mtandao wa gumzo uliotegemewa na maelfu ya miradi ya programu huria, na kazi yote ilifanywa na watu wasiolipwa, kwenye seva zilizotolewa na wafadhili. Mwaka 2017 kampuni iliyobeba jina la mtandao huo iliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja, na wengi wa wale waliokuwa wakiuendesha waliamini kwamba mauzo yale hayakuwahusu, kwa kuwa kampuni iliundwa kwa ajili ya kuandaa mkutano. Mwaka 2021 ugomvi wa nani ana mamlaka ulipolipuka, ilidhihirika kwamba ujuzi na imani ya watumiaji vilikuwa kwa wanaojitolea, lakini jina halikuwa lao. Mwezi Mei wakajiuzulu kwa wingi na kuanzisha Libera Chat, safari hii kama chama kilichosajiliwa Sweden na kumilikiwa na wanaokiendesha. Mwezi uliofuata, Freenode ilihamia mfumo mpya na kuziacha nyuma akaunti za watumiaji wake wa zamani.

Waliotuonyesha njia kwa jambo hili si wahandisi bali akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, kila ufunguo una mshikaji wake, na mtunza sanduku hana hata mmoja, kwa hiyo sanduku halifunguki ila kikundi kikiwa kimekutana. Jina lisajiliwe kwa jina la chama au la taasisi mlezi, barua pepe ya usajili isomwe na watu watatu, na nenosiri kuu libadilishwe kila mmoja wao anapoondoka.

Kampuni inataka kutupa seva bure. Tukubali? (Msomaji, Kampala)

Kubalini, ila muwe na nakala ya data mahali pengine, na mjue mapema gharama ya mwezi mmoja iwapo hisani hiyo itakatika ghafla.

Je, ni halali kumlipa mmoja wetu wakati wengine wanajitolea? (Msomaji, Dodoma)

Ni halali, na wakati mwingine ni lazima. Dosari ya usalama iitwayo Heartbleed ilipogunduliwa mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, maktaba ya msimbo inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, watu walishangaa kusikia kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Hata hivyo, Debian walijaribu mwaka 2006, kupitia mpango wa pembeni ulioitwa Dunc-Tank, kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo lijalo ili litoke Desemba. Baadhi ya wenzao walichukizwa, wakapunguza kazi yao, na toleo lenyewe likatoka Aprili 2007. Kwa maoni yangu, kilichochoma zaidi si fedha bali namna walipwaji walivyochaguliwa. Mkiamua kulipa, lipeni kwanza kazi inayokimbiwa na kila mtu, kama kuamka saa nane usiku seva inapozimika, kiasi kiandikwe kwenye ukurasa ule ule wa mapato na matumizi, na uamuzi upitishwe katika kikao ambacho mlipwaji hana kura.