Zile Nafasi Kati ya Paleti, Usizijaze

Juzi usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja anayetunza stoo Jinja, ambamo katoni hupangwa rafuni juu ya paleti, zile fremu za kubebea mzigo. "Kaka, bosi anasema nafasi zilizo kati ya paleti ni hasara. Anataka nizijaze kabla mzigo wa Krismasi haujaingia. Nikikataa ataniona mvivu. Nifanye nini?" Nilimjibu kwa haraka: usijaze, nakuandikia. Halafu nikakaa kitandani usingizi umekata, kwa sababu miaka sita iliyopita mimi niliombwa jambo hilo hilo, nami nilijaza, kisha moto ukatukuta.

Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto niliyokuwa nayo. Unaanza kwa kubeba katoni, unapewa daftari, unapewa funguo, na moyoni unajua siku moja utakuwa na ghala lako, hata likiwa la mabati matupu pembeni mwa barabara ya Jinja. Kwa hiyo nawaambia nyinyi kama ninavyomwambia yeye.

Nimezaliwa Tororo, baba akifanya kazi ya reli. Kiswahili cha nyumba za reli ndicho kilichonipa kazi ya kwanza. Madereva wa malori kutoka Mombasa walipofika Namanve, eneo la viwanda na maghala nje ya Kampala, walitaka mtu wa kuelewana naye bila mkalimani, nikawekwa mapokezi. Miaka ya katikati naiacha, haina cha kukufundisha. Nilipofika umri wa miaka ishirini na tisa nilikuwa msimamizi wa ghala zima: sabuni, mafuta ya kupikia, nepi, na magodoro ya sponji.

Rafu zetu zilikuwa za ngazi nne, zimesimama mgongo kwa mgongo, na juu yake mabomba ya springla, vile vichwa vinavyomwaga maji moto ukitokea, yamepita chini ya paa. Fundi aliyezifunga alituachia mchoro. Kati ya mzigo na mzigo, na kati ya mzigo na nguzo ya rafu, inchi 6, yaani kama sentimita 15. Mgongoni, pale rafu mbili zinapopeana visogo, inchi 6 tena. Mchoro ule ulibandikwa ofisini karibu na kalenda. Hakuna aliyenieleza sababu yake, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni nafasi ya kumsaidia dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia paleti, asigonge.

Mwaka ule mzigo wa Desemba ulikuja mwingi kuliko miaka yote. Katoni zililala uani chini ya turubai na mvua ikawa inapiga kila jioni. Bosi akaniita. Akasema, "Wewe ni kijana mwenye akili. Nitafutie nafasi humu ndani."

Nikaitafuta, nikaipata. Kwa usiku mbili, mimi na vijana wawili tulipanda ngazi na kusimamisha katoni za sabuni wima katika kila ufa uliokuwa kati ya paleti. Mgongoni tulishindilia magodoro yaliyokunjwa. Sponji ukiikunja haikai ilivyo, inavimba taratibu, na kufika asubuhi magodoro yalikuwa yameujaza ule mgongo wote kama unga uliotiwa hamira. Ili vitu vidogo visianguke, tukatandika plaiwudi juu ya boriti za ngazi ya pili na ya tatu. Uani pakabaki peupe. Bosi alinishika mkono mbele ya wafanyakazi wote na kunipa bahasha. Nilimnunulia mama kochi kwa pesa ile. Siwezi kueleza nilivyojiona mkubwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenikosoa, mzee aliyekuwa akija kuhudumia pampu ya maji ya kuzimia moto. Alisimama kwenye ujia, akatazama juu, akaniuliza, "Kijana, mbona mmeziba dohani?" Zile nafasi ndizo alizoziita dohani. Nikamjibu kwa kiburi cha bahasha: "Mzee, moto unakula hewa. Nikibana, moto utakosa pumzi." Alinitazama muda mrefu, akatia sahihi kwenye daftari lake, akaondoka. Ningempigia magoti leo kama ningejua anaishi wapi.

Moto ulianza siku ya Jumatano, saa tatu usiku. Chaja ya betri za foklifti ilikuwa na kebo iliyochubuka, na chaja yenyewe ilikaa karibu mno na ngazi ya chini ya rafu. Askari alinipigia simu nikiwa nyumbani Kireka. Nilipanda boda, tukapita Bweyogerere mbio, na kabla ya kufika nikawa nimeshasikia harufu ya sponji inayoungua. Mkiwahi kuinusa hamtaisahau.

Sasa sikilizeni nilichokiona mlangoni, maana ndicho kilichonifanya niandike. Springla zilikuwa zinafanya kazi. Maji yalimwagika kama mvua ya Aprili, ila yalimwagika safu tatu mbali na moto. Na juu ya safu iliyokuwa ikiungua, maji yaliyofika yalituama kwenye plaiwudi kama juu ya meza, yakajaa, yakatiririka ukingoni hadi kwenye ujia. Chini ya plaiwudi, katikati ya katoni nilizozipanga mwenyewe, kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba. Ulikuwa unatambaa kwenda pembeni. Haukupanda juu, ulitambaa, kutoka paleti hadi paleti, pakavu kabisa, huku maji yakinguruma juu yake.

Tangi lilikauka kabla zimamoto hawajamaliza kuunganisha mipira yao. Mapambazuko yalikuta safu nne zimelala chini, chuma kimepinda kama mabua. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Askari wetu alilazwa siku mbili kwa sababu ya moshi.

Nimetumia miaka hii kujifunza kile ambacho mzee yule alitaka kuniambia. Springla haifunguki kwa sababu imeona moshi, na hazifunguki zote kwa pamoja kama kwenye sinema. Kila moja ina kizuizi chake. Ile ya kawaida yenye kichupa chekundu cha kioo hupasuka joto la pale ilipo likifika nyuzi 68 za Selsiasi. Kwa hiyo joto lazima lipande hadi kwake, na lipande wima, ili ifunguke ile iliyo juu ya moto wenyewe. Njia ya joto kupanda ni hizo nafasi kati ya paleti, na njia ya maji kushuka ni hizo hizo. Ukiziziba, joto linagonga mzigo wa juu, linageuka kwenda pembeni, linatafuta upenyo mbali, na linafungua springla za mbali. Wakati huo mfumo umepimwa kwa idadi fulani tu ya springla. Kwa mfano, zile kubwa za maghala marefu zinazojulikana kwa herufi ESFR, hesabu yake ya kawaida ni springla 12 kufunguka pamoja. Zikifunguka nyingi kuliko hesabu, kila moja inapata maji dhaifu na tangi linakwisha kabla ya wakati. Ndivyo ilivyotukuta. Inchi 6 za mchoro wetu hazikutoka kichwani mwa fundi. Ni kipimo cha kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 13, ambayo mafundi wengi wa springla huifuata hata huku kwetu.

Na ile hoja kwamba moto ukibanwa utakosa hewa, nimeisikia kwa watu wenye shahada. Mimi pia niliiamini, kwa sababu ndivyo tunavyozima sigiri, jiko la mkaa, tunafunika. Lakini mkumbuke mama zetu walivyohifadhi moto usiku. Walifukia makaa kwenye majivu, na alfajiri walipofukua, moto ulikuwa hai. Katoni zilizobanwa zinafanya hivyo. Karatasi ya katoni yenyewe ina mifereji ya hewa ndani yake, sponji imejaa hewa, ghala zima ni hewa. Hutaweza kuunyima moto pumzi humo. Utakachofanya ni kuuficha maji yasiufikie.

Ni kweli, nafasi iliyo wazi huufanya moto upande juu haraka. Wanaobisha huniletea hoja hiyo wakidhani wamenishinda. Ndiyo, unapanda haraka, na ndivyo tunavyotaka, uende ukabishe hodi kwa springla ungali mdogo.

Wiki moja baada ya moto tuliitwa kikao. Bosi aliniuliza mbele ya watu wa bima, "Nani alikuambia uzibe zile nafasi?" Nilimtazama nikidhani atacheka au atainamisha macho. Hakuinamisha. Sikuwa na karatasi hata moja. Aliniagiza kwa mdomo, akanisifu kwa mdomo, na bahasha haikuwa na maandishi. Nikapewa barua ya kuachishwa kazi jioni ile ile. Inaniuma hadi leo, siwadanganyi. Nikipita barabara ile kwa taksi bado nageuza uso. Lakini mikono iliyozishindilia zile katoni ilikuwa yangu, na hilo halifutiki kwa kumlaumu yeye.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuambia, dada yangu, ni hili: usijaze. La pili, agizo lolote la kujaza liombe kwa maandishi, kwa heshima. Mwandikie, "Mzee, nimepokea agizo la kuziba nafasi za rafu, naomba unithibitishie ili niwajulishe watu wa bima na fundi wa springla." Mabosi wengi hawatajibu barua hiyo, na agizo litakufa lenyewe. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imeuweka wajibu wa usalama mabegani mwa mwajiri, na Kurugenzi ya Zimamoto ya Polisi ina wakaguzi wanaokuja ukiwaita. Huna sababu ya kusimama peke yako kama nilivyosimama mimi.

Halafu chunga vitu vinavyojaza nafasi bila mtu kuamua. Dereva wa foklifti husukuma paleti hadi iguse ya nyuma, na mgongo unazibika bila yeye kujua. Mimi sasa nimefunga chuma cha kuzuia nyuma ya kila kitanda cha rafu, na kwenye boriti nimepaka mistari ya manjano inayoonyesha paleti iishie wapi. Katoni zilizolowa mvua huvimba na kutoka nje ya paleti, zirudishe zipangwe upya chini, usizipandishe hivyo. Plaiwudi ondoa kabisa, weka wavu wa chuma. Na juu kabisa, usipandishe mzigo hadi kwenye springla. Kwenye maghala marefu acha inchi 36 chini yake, maana maji yanahitaji nafasi ya kutawanyika. Bosi akilalamika kwamba mzigo hauingii, basi mzigo hauingii. Akodi kontena liwekwe uani. Kodi ya kontena naijua, na gharama ya safu nne naijua.

Kama ghala lako halina springla kabisa, na Kampala yapo mengi, nafasi hizi peke yake hazitakuokoa. Hapo punguza urefu wa mzigo, tenganisha magodoro na mafuta, acha njia pana za watu wa zimamoto. Tuliokuwa Kampala mwaka 2009 tunakumbuka soko la Owino lilivyoungua. Pale palipobanana, msaada nao huchelewa. Vijana wenzangu, tuache kupimana uhodari kwa idadi ya katoni tulizobananisha! Nimelisema hili kwenye kila semina ninayoalikwa na nitaendelea kulisema. Mwezi uliopita mkaguzi wa bima alizunguka ghala ninalosimamia sasa kwa saa mbili na tepu yake mkononi, hakukuta nafasi hata moja iliyozibwa. Aliniuliza nilisomea wapi. Nilimwambia Namanve.

Kesho asubuhi, dada, kabla foklifti hazijawashwa, zima taa za safu moja na uchukue tochi. Simama chini, ielekeze juu katikati ya paleti na paleti. Unatakiwa uone bomba la springla au mabati ya paa. Kisha nenda mwisho wa safu, mwambie mwenzako asimame upande wa pili, umulike mgongoni mwa rafu. Akiuona mwanga wako, mgongo uko wazi. Pale mwanga unapogonga katoni, piga picha, andika namba ya rafu, na uitoe katoni hiyo siku hiyo hiyo. Nitumie picha zote jioni. Barua kwa bosi wako tutaiandika pamoja.