Ukali Si Ladha: Kwa Wanaoanza Kulinganisha Siga

Nyumbani kwetu Kuria, kaunti ya Migori, tumbaku ilivunwa kuanzia chini. Majani yaliyo karibu na udongo ndiyo huiva kwanza, nayo ni mepesi na hafifu. Wiki zinazofuata unapanda nalo shina, na ya mwisho kabisa ni yale ya kileleni, mazito, yenye utomvu unaonata mikononi, yaliyokunywa jua kuliko mengine yote. Mama alitukataza kuingia shambani kabla umande haujakauka. Aliyekaidi alirudi shati limelowa na kichwa kinamzunguka, akashinda akitapika, maana nikotini hupenya kwenye ngozi pamoja na ule umande.

Siga, yaani majani ya tumbaku yaliyosokotwa ndani ya jani jingine badala ya karatasi ya sigara, nilikuja kuiona baadaye sana, nikifanya kazi Kisumu. Sasa niko Nakuru, na Jumamosi jioni tunakutana watu watano au sita uani kwa mwenzetu, mbali na watoto. Kila mara huwa kuna mgeni mmoja, na maswali yake ni yale yale: ipi kali, ipi tamu, ipi inastahili bei yake. Ninawaandikia wageni hao, watu wazima ambao wameshaamua kuvuta. Asiyevuta simwiti. Moshi wa siga hauvutwi hadi mapafuni, lakini hilo haliufanyi salama; saratani ya mdomo na ya koo huwapata wavuta siga pia. Mimi nimejiwekea mpaka wa moja kwa wiki na siuvuki.

Anza na shina. Wakuba huyaita majani ya chini volado, ya katikati seco, na ya juu ligero. Volado husaidia siga iwake vizuri, seco hubeba harufu, ligero hutia nguvu. Kwa kuwa ligero huungua polepole, msokotaji huliweka katikati kabisa ya kiini, yaani majani ya ndani ya siga, likizungukwa na yanayowaka upesi. Kwa hivyo ukiambiwa siga fulani ni kali, kwa sehemu kubwa umeambiwa kiasi cha majani ya kileleni yaliyomo ndani. Kuhusu ladha bado hujaambiwa kitu. Nimeona wageni wakivuta siga kali, wakatokwa jasho, wakaisifu kwamba ni nzuri sana. Nikiwauliza ilikuwa na ladha gani, wanakaa kimya. Walichosikia ni nikotini, ile ile iliyotuangusha shambani. Ipo pia siga laini kabisa iliyojaa ladha mwanzo hadi mwisho, na mgeni huidharau kwa sababu haikumtikisa.

Rangi nayo hudanganya. Jani la nje, ambalo sisi tunaliita vazi, likiwa jeusi, watu hudhani siga ni kali. Vazi jeusi linaloitwa maduro limepata weusi wake kwa kuvundikwa muda mrefu zaidi na kwa joto zaidi, na mara nyingi huwa na utamu kuliko lile la rangi ya hudhurungi.

Kuvundika ndiko kazi yenyewe ilipo, na hapa mkulima wa kwetu hushangaa. Tumbaku yetu ya sigara hukaushwa kwa siku chache katika kibanda chenye moto wa kuni. Jani la siga hutundikwa kwenye banda linalopitisha hewa, likauke lenyewe kwa wiki nyingi. Kisha majani hupangwa marundo makubwa, yakalowanishwa kidogo, yakaanza kupata joto yenyewe kama ndizi zilizofukiwa. Rundo hupinduliwa na kupangwa upya, mara kadhaa, na kila safari amonia inatoka. Jani lililoharakishwa utalijua: moshi wake unachoma pua na kunuka kama zizi la ng'ombe asubuhi. Ukiikuta harufu hiyo, usijilaumu kwamba hujui kuvuta. Siga haijakomaa.

Sasa maneno ya ladha. Utasoma maelezo ya siga yanayotaja matunda ambayo hujawahi kuyatia mdomoni. Yaache. Tumia jikoni kwenu. Mimi daftari langu lina njugu karanga zilizokaangwa, sukari nguru, kahawa iliyoungua kidogo, pilipili manga, udongo wa mvua ya kwanza, majani makavu ya chai, ngozi ya kiatu kipya. Mwenzetu wa Kakamega aliwahi kuandika “mvuke wa kiwanda cha sukari nguru”, na wote tulijua papo hapo amekusudia nini, kwa sababu mvuke ule una utamu na moshi kwa pamoja. Neno lako mwenyewe litakurudisha kwenye ladha ile hata baada ya mwaka. La kuazima halitakurudisha popote.

Lakini hayo yote ni bure kama siga zako hazikutunzwa sawa, na kuhusu hili nina mengi, kwa sababu liligharimu fedha zangu. Siga hutaka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Kisumu, kando ya ziwa, katika mwinuko wa mita 1,100 na kitu, joto na unyevu vilikuwa adui zangu. Siga zilivimba, moshi haukupita, na siku moja niliona vitundu vidogo kama vya sindano kwenye vazi. Ni mdudu wa tumbaku. Mayai yake huja ndani ya jani, na joto likizidi nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, kisha buu hutafuna njia yake hadi nje. Nilipoteza karibu nusu ya sanduku. Tangu hapo kila siga mpya huiweka ndani ya mfuko wenye kufunga, nikaigandisha kwenye friza siku tatu, nikaihamishia kwenye friji ya kawaida siku nzima, ndipo naitoa. Ukiitoa friza moja kwa moja juani, vazi hupasuka.

Nilipohamia Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, mambo yaligeuka. Januari na Februari upepo mkavu ulizinyonya. Siga ile ile niliyoisifu Kisumu iliwaka haraka, kali, chungu, nikaandika kwamba kiwanda kimeharibu kazi. Kiwanda hakikukosa. Siga kavu huungua kwa moto mkubwa, na moto mkubwa huua utamu na kuacha uchungu. Nilifuta ukurasa mzima wa daftari.

Huhitaji sanduku la mbao la bei kubwa. Mkebe wa plastiki wa chakula wenye kifuniko cha mpira kinachobana, pakiti moja ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, na kipima unyevu kidogo vinatosha. Kipimo chenyewe usikiamini hadi ukijaribu: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga uliolowa, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku mzima. Asubuhi kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, basi unajua kinapunguza tano.

Kulinganisha kwenyewe ni rahisi ukishafika hapo. Chukua siga mbili za umbo moja. Sisi hutumia robusto, inchi 5 kwa urefu, unene wa 50, yaani 50 juu ya 64 za inchi. Unene ukitofautiana, joto la moshi nalo hutofautiana, na hulinganishi tena majani. Mwenzako azivue pete za karatasi zenye jina kabla hujaziona, kwa maana jina kubwa huonja kabla ya ulimi. Kula kwanza, ugali na samaki wa mchana unatosha. Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi, na uandike kila ukifika theluthi. Theluthi ya mwisho ndiyo huwa kali zaidi, na ndipo siga nyingi huanguka. Kizunguzungu kikikushika, iweke chini, kunywa soda yenye sukari, tulia. Usimalize kwa sababu umelipia.

Na usihukumu kwa siga moja. Hutengenezwa kwa mkono, na mkono huchoka. Mimi navuta tatu za aina moja, wiki tofauti, kabla sijasema neno.

Thamani basi. Hapa Kenya ushuru wa bidhaa kwa siga hutozwa kwa uzito, kwa kilo, kwa hivyo siga ya bei ya chini na ya bei ya juu zenye uzito sawa zinabeba ushuru ule ule. Ndiyo sababu siga ya chini kabisa dukani ni nadra kuwa nafuu ya kweli; sehemu ya pesa yako iliyoenda kwenye ushuru ni kubwa kuliko katika siga ya bei ya juu. Kwa maoni yangu anayeanza apate thamani yake katika bei za kati, na kutoka Nikaragua, Hondurasi au Jamhuri ya Dominika. Marekani ilipofunga biashara na Kuba mwaka 1962, wajuzi wengi wa Kuba walikuwa wameondoka au waliondoka, wakapeleka mbegu na ufundi katika nchi hizo. Jani la Estelí, Nikaragua, lina pilipili; la Jalapa, nchi hiyo hiyo, lina utamu laini zaidi. Kwa pesa ya siga moja ya Kuba yenye jina unaweza kupata mbili au tatu za huko, na ukizivua pete, sisi wenyewe tumekosea mara nyingi kuzitambua.

Za Kuba zina hatari nyingine, ya bandia. Niliwahi kuuziwa sanduku la Cohiba, jina kubwa la siga za Kuba, lenye kifuniko cha kioo na mtu aliyesema nduguye ni rubani. Cohiba halisi haiuzwi katika sanduku lenye kifuniko cha kioo. Nilipopasua moja kwa wembe, ndani kulikuwa na vipande vipande vya majani kama majani ya chai ya mkobani, wakati kiini cha siga ya daraja hilo ni majani marefu kutoka kichwa hadi mguu.

Wembe huo bado ninao mezani Jumamosi. Kila tunapojaribu aina mpya tunapasua moja kwa urefu, tunatandaza majani kwenye gazeti, na mgeni ndiye anayepewa kazi ya kuyapanga kwa kidole: la chini, la kati, la kileleni.