Usipeleke katapila mlimani kabla ya mvua: njia yangu iligeuka korongo

Mkuu, mpigie mwenye katapila leo umwambie asije.

Umeuliza tairi gani zinafaa kupandia kilima chako huko Kibakwe kwa gari lako la Hardtop, upunguze upepo kiasi gani, ununue winchi au uache. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba wiki ijayo katapila linakuja "kuinyoosha njia" kabla mvua hazijaanza. Sentensi hiyo nimeisoma mara 3. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri.

Mimi ya kwangu niliinyoosha. Ipo milima ya Irangi huko Kondoa, upande wa Haubi, inapanda kama kilomita moja na nusu hadi kwenye mizinga yangu ya nyuki. Ilikuwa mbaya, sikatai. Mawe, mizizi, kona mbili ambazo hukati bila kurudi nyuma kwanza. Lakini ilikuwa inauzunguka mlima, na katikati ya alama za tairi kulikuwa na nyasi na changarawe zilizoshika udongo. Mwezi wa 11 jamaa mmoja anayekodisha mitambo akaja kuiangalia, hata kwenye gari hakushuka, akasema, "Hii ni kazi ya siku moja, na hutaigusa tena miaka 10." Nikamwamini kwa sababu alikuwa na mtambo na mimi nilikuwa na jembe.

Katapila likanyoosha kweli. Likafuta kona zote mbili, likashuka mlima moja kwa moja, likasukuma udongo kushoto na kulia mpaka njia ikakaa chini kuliko ardhi ya pembeni, kama hori la kunyweshea ng'ombe. Hapo ndipo ulipo ubaya wote, mkuu. Maji yanaingia na hayana pa kutokea. Yanateremka na njia mpaka mwisho, na kila yanavyoteremka yanaongeza mbio. Mbio zikiwa mara 2, nguvu ya kuburuta udongo inakuwa mara 4. Na udongo wenyewe tayari umeuvua nyasi.

Desemba zilinyesha mvua mbili ndogo, nikawa napanda bila hata kuingiza foo wili. Nikampigia yule jamaa kumshukuru.

Usiku mmoja wa Januari ikanyesha ile yenyewe. Unaijua mvua ya Dodoma: kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600, lakini inaweza kuamua kukupa fungu kubwa kwa saa mbili. Nililala huko juu kwenye mizinga na mtoto wa kaka yangu. Asubuhi jua limewaka, tukashuka. Namba moja, gia nzito, mguu nje ya breki, kila kitu kama inavyotakiwa. Mfereji ulikuwa umechimbika upande wa kushoto, nikakaa mbali nao nilivyoweza, yaani kama sentimita 40, maana upande wa pili lile tuta la udongo lilinizuia.

Gari halikuteleza. Ardhi ndiyo iliyokatika. Kwa juu ilionekana nzima, ngumu, imekauka, kumbe chini maji yalishaila na kuacha ganda. Tairi la mbele kushoto likazama, gari likalala ubavu polepole kabisa, kama ng'ombe anayejilaza. Kijana ndiye aliyekaa kushoto. Mkono wake ulivunjika chini ya kiwiko. Nilimtolea dirishani kwangu huku dizeli ikichuruzika kwenye mchanga, na nakumbuka mizizi ya mti ikining'inia usoni kwangu, mibichi, imeoshwa safi. Tulikuwa tumesimama ndani ya barabara yangu na mizizi iko juu yetu.

Ekseli, difu, mlango, kulivuta gari: milioni 4 na laki 6, mbali na hospitali. Na haikuishia hapo. Siku ya pili mama mmoja mwenye shamba chini ya mlima alikuja nyumbani, hakupiga kelele, akasema, "Mwanangu, mchanga wako umelala juu ya alizeti zangu." Nilikwenda kuona. Nusu eka, vichwa tu ndivyo vilivyokuwa vinachungulia.

Mimi ni mtu wa Kondoa, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa 1973 kwa sababu ya makorongo kama hayo, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Wazee wetu walitoa ng'ombe wao ili udongo upone, mimi nikamlipa mtu aje aukwangue. Na yule jamaa nilipompigia akaniambia, "Mvua ni ya Mungu." Mvua ni ya Mungu, lakini lile hori alilichimba yeye. Mtu anayekata mlima bila kuuliza maji yatapita wapi asiruhusiwe kugusa usukani wa mtambo wowote.

Maji kwanza, mkuu, gari baadaye. Aliyenifundisha ni mzee jirani, alikuja na dumu la lita 20, akamimina katikati ya njia pale juu na kusema, "Yafuate." Tukayafuata. Kila yalipoanza kukimbia akachora mstari kwa fimbo, ukiwa mshazari, na kwenye kila mstari nikachimba mtaro na kuweka udongo wake upande wa chini kuwa tuta, kama sentimita 30 baada ya kushindiliwa. Usiliweke tuta likavuka njia moja kwa moja, maji yatatuama na kulipasua. Lizidi upana wa njia huku na huku, na mdomo wake utokee kwenye mawe au nyasi, si kwenye shamba la mtu. Penye mwinuko mkali matuta yakaribiane, hata kila mita 10 au 12. Yale matuta ya pembeni yaliyoachwa na katapila niliyatoboa yote kwa jembe, wiki 2 na vibarua 4. Lile korongo lenyewe sikulifukia. Nilipanga mawe ndani yake na kupanda mikonge kwenye kingo, na njia nikairudisha kwenye kona zake za zamani.

Kama imenyesha usiku, shuka utembee kwa miguu na mti mkononi, uchome ukingo kabla ya kupitisha tairi. Ukisikia sauti ya utupu, gari libaki juu siku hiyo.

Njia yako ina urefu gani, na chini yake kuna shamba la nani? Piga picha ukiwa chini unatazama juu, uiweke hapa. Ila simu ya katapila ipigwe kwanza, kabla hawajalipakia kwenye lobedi.