Wasomaji Wanauliza: Kupiga Mbizi Mafia, Unguja na Diani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu likizo ya kuzamia kwa mtungi. Wengi wameanza na hoteli na bei. Sisi tungeanza na maji: yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, na siku ya mwisho ya safari utakuwa wapi.

Mimi na mume wangu tunataka kwenda Mafia siku saba mwezi wa nane. Wakala wa safari anasema bahari ya huko ni nzuri mwaka mzima. Ni kweli? Sote tuna cheti cha Open Water, kile cha ngazi ya kwanza, mbizi tisa kila mmoja. (Mwalimu, Dodoma)

Mafia panazamika mwaka mzima, ila si mahali pale pale mwaka mzima. Agosti ni kusi. Mawimbi hupiga upande wa nje wa miamba, na boti nyingi hubaki ndani ya Ghuba ya Chole. Kwa watu wenye mbizi tisa hiyo si hasara hata kidogo. Ghuba imekingwa, ina matumbawe mazuri yasiyohitaji kwenda kina kirefu, na yote iko ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Maji yatakuwa kama nyuzi 25 au 26, kwa hiyo ombeni vazi la mpira la milimita 5, msikubali la 3. Dakika kumi za kwanza mtaona linatosha lolote. Kufika dakika ya arobaini mtu anatetemeka, na anayetetemeka humaliza hewa mapema.

Kuta za miamba nje ya mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kuingilia ghubani, ni za kaskazi, tangu Oktoba au Novemba hadi Machi, na mwishoni mwa msimu huo maji hufika nyuzi 29. Papa potwe naye huonekana majira hayo hayo, upande wa pili wa kisiwa, karibu na Kilindoni. Huyo hafuatwi kwa mtungi, maana anakula juu juu ya maji. Anatazamwa kwa miwani na mrija, ukiwa mita 3 kutoka ubavuni na mbali zaidi kutoka mkiani. Kama ndiye mnayemfuata, ahirisheni safari.

Sasa jambo ambalo wakala hakuligusa. Chagueni siku kwa mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika mita 3 hadi 4, na maji yote ya ghuba lazima yapite kwenye milango michache. Mkondo wa Kinasi wakati huo humshinda mtu mwenye mapezi mazuri na miguu yenye nguvu, seuze mgeni. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu; hapo mkondo hulegea. Siku zenu saba zizungukeni hizo tarehe.

Pia, maji yanapojaa huleta ndani maji safi ya bahari kuu, na yanapokupwa hutoka yamebeba tope la mikoko. Mbizi ile ile inaweza kuwaonyesha mita 20 mbele yenu au mita 6, ikitegemea saa tu. Na kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, saa ya boti kuondoka nayo inapaswa kusogea. Kituo kinachowapa ratiba ya saa tatu asubuhi kwa wiki nzima hakijafungua jedwali la maji. Waulizeni kabla ya kulipa.

Nimezaliwa Mwanza, ziwa nalijua, lakini kuogelea kwa kweli sijui. Nasikia kwa mtungi huhitaji kuogelea. Je, nijiandikishe? (Kijana wa Kirumba)

Kuna vitu viwili vinachanganywa, kaka. Mbizi ya kuonja, ambapo mwalimu anakushika na hamvuki mita 12, vituo vingi huifanya bila kukupima kuogelea. Kozi ya cheti ni habari nyingine: utaogelea mita 200 mfululizo, mtindo wowote, bila kukimbizwa na saa (au mita 300 ukiwa na miwani, mrija na mapezi), kisha utaelea dakika 10 bila kushika kitu. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya chini. Kimewekwa kwa ajili ya juu: umeibuka, boti iko mbali, wimbi linakupiga usoni na jaketi la kuelea limepasuka. Jifunze kuogelea kwanza, miezi miwili au mitatu kwenye bwawa. Hata hiyo mbizi ya kuonja hatuipendi kwa mtu anayeogopa maji yakimfika kifuani, kwa sababu hofu ndiyo inayomfanya mtu abane pumzi na kukimbilia juu.

Assalaam aleikum. Navaa hijabu. Je, vifaa vya kuzamia vitaniruhusu kujisitiri, au niache tu? (Dada wa Tanga)

Waaleikum salaam, dada. Usiache. Vazi la mpira hufunika mikono na miguu yote, na kuna kofia yake ya mpira inayofunika nywele, masikio na shingo. Kofia ya milimita 3 inatosha maji yetu. Juu yake vaa shati pana jepesi lililofungwa kiunoni, lisije likazuia mikanda ya jaketi wala kufunika risasi, yaani vipande vya uzito vya kukusaidia kuzama, kwa kuwa risasi lazima ziweze kuvuliwa kwa mkono mmoja. Kitambaa cha kawaida kisipite chini ya ukingo wa miwani: uzi mmoja unatosha kuingiza maji safari nzima. Nao ukingo wa kofia uwe nje ya miwani, miwani iguse ngozi. Mwombe mwalimu wa kike wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kufika. Kofia ya mpira huelea, basi utaongeza kama nusu kilo ya risasi.

Mara zote mbili nilizojaribu Nungwi, masikio yaliniuma mita tatu tu chini nikarudi juu. Mwalimu aliniambia nipulize kwa nguvu zaidi. Nina kasoro? (Mhasibu, Morogoro)

Huenda huna kasoro yoyote, na ushauri wa kupuliza kwa nguvu zaidi haukuwa mzuri.

Juu ya maji mwili wako unabanwa na baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo). Mita 10 chini ni baa 2, mita 20 ni baa 3. Angalia hapo: kutoka juu hadi mita 10 msukumo umezidi maradufu, ilhali kutoka 10 hadi 20 umeongezeka kwa nusu tu. Ndiyo maana masikio husumbua mita chache za kwanza, na mtu akizipita salama, kwa kawaida huko chini hapati shida.

Mrija unaounganisha koo na sikio la kati una mdomo laini. Ukichelewa kusawazisha, msukumo huufinya mdomo huo ukajifunga, na baada ya hapo kupuliza kwa nguvu hakuufungui. Kunaweza kupasua utando wa ndani wa sikio na kukuachia kizunguzungu na uziwi. Kwa hiyo sawazisha kabla ya maumivu. Anza ukiwa bado juu ya maji, kisha kila nusu mita: bana pua, puliza taratibu kama unayepenga kamasi, au bana pua umeze mate. Wengine hufanikiwa kwa kufanya yote mawili pamoja. Shuka miguu ikitangulia, umeshika kamba, kidevu kimeinuliwa kidogo. Sikio likikataa, panda mita moja, ngoja, jaribu tena. Likikataa mara ya tatu, mbizi ya leo imekwisha.

Ukiwa na mafua usizamie. Dawa ya kuzibua pua si suluhisho, kwa sababu inaweza kuisha nguvu ukiwa chini. Hewa iliyonaswa ndani ya sikio itakosa njia unapopanda, na juu huna budi kupanda. Jioni suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi, yakauke yenyewe. Vijiti vya pamba viache hotelini.

Mimi huwa wa kwanza kumaliza hewa na kila mtu hulazimika kupanda kwa ajili yangu. Nifanye nini? (Msomaji, Hamburg)

Tupige hesabu. Mitungi mingi ya alumini ina ujazo wa lita 11 hivi na hujazwa hadi baa 200. Unatakiwa kurudi botini na baa 50, basi una baa 150 za kutumia: 150 mara 11 ni lita 1,650. Mtu mwenye wasiwasi hupumua kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 chini, kwenye baa 3, hizo ni lita 60 kwa dakika; mtungi wake ni wa dakika 27. Mwenzake mtulivu anayetumia lita 14 atakaa dakika 39. Wewe yule yule, ukibaki mita 10, unapata dakika 41. Basi dawa ya kwanza ni kuongoza mbizi zako mahali pa kina kifupi. Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, kwa mfano, chagua mwamba wa Wattabomi kabla ya ule wa Kichwani.

Dawa ya pili ni risasi, na hapa ndipo tunapowakuta wengi. Aliyebebeshwa kilo 3 za ziada hujaza hewa kwenye jaketi ili asizame, mwili unasimama wima, kila teke la pezi linasukuma maji ya bure, na mapafu yanalipa. Jipime: ukiwa juu, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yakufike machoni, ukitoa pumzi, uzame polepole. Kipimo kikifanywa na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2, maana hewa utakayoitumia ina uzito wa karibu hivyo, na mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huanza kukuvuta juu wakati ule ule unaopaswa kutulia mita 5 kabla ya kutoka majini.

Mikono ifunge kifuani. Vuta pumzi ndefu, itoe ndefu zaidi, lakini usiibane kamwe: hewa uliyoivuta mita 10 chini huwa maradufu ukifika juu, na mapafu si puto.

Umeuliza pia kuhusu dawa ya kinga ya malaria utakayopewa Ujerumani. Mwambie daktari kwamba utazamia. Mefloquine huweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, hivyo wapiga mbizi hushauriwa kutumia nyingine. Doxycycline inafaa ila ngozi huungua upesi kwa jua.

Nitajuaje kituo kizuri? Tovuti zote zina picha za kasa. (Baba wa watoto wawili, miaka 10 na 8, Kampala)

Nenda ukaone kabla ya kulipa, mzee, na uwaulize haya. Oksijeni iko botini, au iko dukani? Iombe uione, na geji yake isiwe kwenye sifuri. Chumba cha tiba ya msukumo, kile cha kutibu ugonjwa wa kuzamia, kinachofanya kazi kiko wapi hivi leo, na mgonjwa anafikishwaje? Anayejibu bila kusita amewahi kulifikiria. Tazama kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa: bomba lake la kuvutia hewa likiwa karibu na moshi wa injini, moshi huo ndio utakaopumua, na sumu yake haina harufu. Hewa yenye ladha ya mafuta, au kuumwa kichwa baada ya mbizi, ni sababu ya kutorudi.

Mtungi una tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Upimaji wa msukumo kwa kawaida hufanywa kila miaka 5. Ukishafunga regyuleta, kifaa cha kupumulia, kwenye mtungi, vuta pumzi nne huku ukitazama geji. Sindano ikicheza kila unapovuta, valvu haijafunguliwa vizuri. Juu utapumua salama, chini itakunyima. Mtoto wako wa miaka 10 anaruhusiwa kuanza kozi, lakini mwisho wake ni mita 12. Wa miaka 8 asubiri.

Tuna mbizi mbili Diani Jumapili asubuhi na treni ya kwenda Nairobi usiku huo huo. Kwa kuwa si ndege, hakuna tatizo, sivyo? (Marafiki wanne, Nairobi)

Tatizo lipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na naitrojeni ya hewa mliyopumua chini, ambayo huhitaji muda kutoka mwilini, haijali umepanda kwa mabawa au kwa reli. Kanuni inayotumiwa ni saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa, na zaidi ya 24 kama mlilazimika kusimama mkiwa mnapanda juu kwa agizo la kompyuta ya kuzamia. Mkitoka majini saa tano asubuhi, saa 18 zinaisha saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu. Hamishieni mbizi Jumamosi, Jumapili mwogelee kwa miwani na mrija.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu anayetoka Mafia kwa ndege ndogo, hata ikiruka chini. Kivuko cha Kilindoni kwenda Nyamisati kiko usawa wa bahari na hakina shida hiyo. Anayepanga Kilimanjaro na visiwa pamoja apande mlima kwanza.

Dalili za ugonjwa wa kuzamia ni maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, vipele vya kuwasha, uchovu usioelezeka, na nyingi hujitokeza ndani ya saa 24. Mlaze mgonjwa, mpe oksijeni tupu, maji ya kunywa kama ana fahamu zake, na msimrudishe chini akajaribu tena. Hospitalini semeni maneno haya kwanza: alizamia, mita ngapi, mara ngapi, alitoka saa ngapi. Mkisema tu kwamba bega linamuuma, atapewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa kurudi nyumbani.