Gemu za waigizaji halisi za miaka ya 90: kipi hasa kimezeeka?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama zile gemu za hadithi na mafumbo za miaka ya 90, zilizoigizwa na watu halisi mbele ya kamera, bado zinachezeka au zimebaki za kuchekwa tu. Hivi karibuni nimezirudia mbili za kampuni ya Sierra, Phantasmagoria na The Beast Within, zote za 1995. Zinachezeka, ila kilichozeeka sicho wengi wanachokidhania.

Watu hulaumu uigizaji. Ni kweli umetiwa chumvi, na yule Gabriel, mhusika mkuu wa The Beast Within, anatabasamu hata pasipostahili. Lakini uso wa mtu hauchuji. Woga wa Adrienne, mhusika mkuu wa Phantasmagoria, unausoma machoni mwake mpaka leo. Kinachomwangusha ni jumba analoishi. Mwigizaji alirekodiwa mbele ya pazia la bluu, kisha akabandikwa kwenye vyumba vilivyochorwa kwa kompyuta. Enzi hizo vyumba hivyo ndivyo vilivyowaacha watu midomo wazi, CD saba nzima! Leo kuta zinang'aa kupita kiasi na dada wa watu anaelea, miguu haijakaa sakafuni. (Halafu ina ukatili wa kingono, usiifungue watoto wakiwa sebuleni.)

The Beast Within nayo ilitumia pazia, ila nyuma wakaweka picha halisi za Munich na Bavaria, hadi kasri la Neuschwanstein la mfalme Ludwig II. Hizo hazijapitwa na wakati. Na mafumbo yake yana akili. Kuna Daktari Klingmann wa bustani ya wanyama, hataki Gabriel asogelee mbwa mwitu. Unamrekodi kwenye kaseti, unakata maneno yake, unayaunga upya mpaka yanakuwa amri kwa mfanyakazi wake amwonyeshe mgeni wanyama hao. Zama hizi za sauti za kughushi, fumbo hilo linatisha kuliko lilivyokusudiwa.

Kero halisi ni video. CD ilibeba MB 650 hivi na visomaji vyake vilikuwa vya polepole, kwa hiyo picha ikabanwa na kila mstari wa pili ukaachwa mweusi. Kwenye monita ndogo za zamani haikusumbua sana. Kwenye skrini za leo ni kama kuchungulia kupitia wavu wa mbu. Tumia ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta za leo. Inaendesha zote mbili, habari ya kubadilisha CD inaisha, na kwenye mipangilio ya gemu unaweza kuizima mistari hiyo. Picha inapoteza ukali kidogo, lakini macho yanapumzika.

Night Trap, gemu nyingine ya waigizaji halisi aliyoitaja mdau hapo juu, siipendekezi. Kelele za Seneti ya Marekani kuhusu ukatili kwenye gemu mwaka 1993 ndizo zilizoipa jina. Ukiiwasha, kazi yako ni kurukaruka kutoka kamera moja hadi nyingine. Anza na The Beast Within, na uwe na subira kwenye sehemu za Grace, msaidizi wa Gabriel, maana ana barua na vitabu vya kusoma hasa.