Muulize Bi Mwalimu: Anasoma Mbio, Haelewi Kitu

Shikamoo Bi Mwalimu. Mwanangu yuko gredi ya 2. Kitabu cha Kiingereza hukisoma mbio kama maji ya mfereji, hata wageni wakija babake humwita aje awasomee. Juzi alimaliza hadithi ya kurasa nane, nikamuuliza, "Ilikuwa ya nini?" Akanijibu, "Ya Kiingereza." Shuleni naambiwa tuache Kiswahili nyumbani, tuseme Kiingereza tu. Nami Kiingereza changu ni cha dukani. Nifanyeje? – Mama wa Kisauni

Marahaba, mwanangu. Hilo jibu limenichekesha hadi nikapaliwa na chai. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nimefundisha madarasa ya chini hapa kisiwani Mombasa miaka ishirini na sita, na wengi wa wanafunzi wangu wangejibu vivyo hivyo lau ningewauliza. Sikuwauliza. Mimi niliuliza maswali yaliyoandikwa chini ya hadithi, wao wakajibu, nikatia alama ya vyema.

Hebu soma hii: *Kidulu kilifyokota chini ya mpweru.* Sasa nijibu, kidulu kilifyokota wapi? Chini ya mpweru. Hongera, umepata. Wala hujui kidulu ni mdudu au ni sufuria. Basi ndivyo mtoto anavyopata kumi kwa kumi katika zoezi la ufahamu na kichwani hamna kitu.

Watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kihesabu mwaka 1986: kuelewa unachosoma ni kuyatambua maandishi mara kuielewa lugha. Ni mara, si kujumlisha. Kwenye maandishi mwanao ana kumi, kwenye lugha ana karibu sifuri, na kumi mara sifuri unaijua wewe mwenye duka.

Tena watoto wetu huponzwa na mambo mawili. Kwanza, Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishajua silabi anasoma chochote; akihamia Kiingereza anaendelea na mwendo uleule. Pili, jioni huenda chuoni, yaani madrasa, na huko hujifunza kusoma juzuu za Kurani kwa matamshi safi kabla ya kufunzwa maana. Hilo lina mahali pake na heshima yake. Lakini mtoto asipoambiwa, hudhani kila kitabu cha lugha ngeni husomwa hivyo.

Nina kisa kinachonisumbua mpaka leo. Kijana mmoja darasani kwangu alisoma *The flag is on the pole*, na hilo neno la mwisho, ambalo ni mlingoti, akalitamka kama tunavyopeana pole msibani. Kisha akanyosha mkono: "Mwalimu, bendera imefanya nini hata ipewe pole?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikamwambia akae. Miaka ikapita ndipo nikang'amua kwamba siku ile, katika watoto hamsini na kitu, yeye ndiye peke yake aliyekuwa akitafuta maana. Nilimkalisha yule niliyepaswa kumsimamisha.

Kwa hiyo Kiswahili usikiache. Mtaala wenyewe unataka watoto wa PP1, yaani chekechea, hadi gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kiwe somo. Na hapa Mombasa lugha hiyo ni ipi kama si hii? Mwambie aliyekushauri, kwa adabu.

Usiku kaa naye kitandani na kitabu kimoja, kifupi. Kabla hajasoma neno, tazameni picha, mseme kwa Kiswahili: huyu nani, mbona amenuna? Asome ukurasa mmoja, halafu umzuie. Atalalamika, amezoea mbio. Muulize, "Unadhani atafanyaje sasa?" Asipojua, rudini kwenye picha, umtafutie neno moja au mawili yanayoziba njia, basi. Si kumi. Na neno likishapatikana, litoke kitabuni. Kama ni *heavy*, kesho mkienda sokoni Kongowea mpe kikapu cha nazi akibebe. Hatalisahau.

Maswali ya kuuliza unayajua tangu utotoni. Ukisema "Paukwa!" akaitika "Pakawa!", kisha ukamsimulia ya sungura na fisi, je, hakuulizi "kwa nini" kila hatua? Akili hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kwenye kitabu cha Kiingereza, ila hakuna aliyemwambia kwamba inaruhusiwa kuingia nayo.

Na angalieni vitabu vya mtumba. Nilimwona mjukuu wangu akihangaika na hadithi ya watoto wanaojenga mtu wa theluji. Maneno aliyasoma yote. Alichotaka kujua ni mbona wanapoteza karoti nzima kwa kutia pua. Tulifungua friza, tukakwangua barafu, ndipo hadithi ikaeleweka. Rahisi zaidi ni kuanza na hadithi za kwetu: kwenye tovuti ya African Storybook zipo nyingi za bure, na baadhi zimeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Asome ya Kiswahili leo, ya Kiingereza kesho. Hadithi ataijua tayari, kazi itabaki kuyafuata maneno.

Na wageni wakija, babake amwambie asimulie hadithi badala ya kuisoma.

Bi Mwalimu, mimi ni dereva wa tuktuk, Likoni. Shule niliishia la sita. Binti yangu wa gredi ya 1 huniletea kitabu cha Kiingereza nami naona haya, humwambia ampelekee mamake. Nakosea? – Baba wa Likoni

Kidogo, ndugu yangu. Mwalimu anapomuuliza mtoto "nini kilitokea?", mtoto anajua kwamba mwalimu ana jibu tayari. Wewe huna. Ukimwambia, "Mwanangu, mimi hii siijui, nieleze," swali lako ni la kweli, naye atajikuna kichwa akueleze kwa Kiswahili mpaka uelewe. Maelezo yakigongana, mwambie, "Mbona ulisema yule mbuzi amepotea, sasa yuko sokoni?" Atarudi kitabuni mwenyewe kutazama. Huko kurudi ndiko tunakokutafuta walimu kwa miaka. Akikwama kwenye neno, liwekeni alama mkamuulize mama au mwalimu, wala usimfokee. Mkivuka kwa feri, asome mabango na maandishi ya matatu, akufasirie. Mengine yatawachekesha wote wawili.

Tusheni ya kusoma Kiingereza kwa mtoto wa PP2, siku tatu kwa wiki wakati wa likizo, inafaa? – Mama wa Tudor

Ana miaka mitano. Hizo pesa mnunulie vitabu viwili vya hadithi, na zikibaki, mabuyu.